Kamba, mabati na mashua: shajara ya mtaa wetu wa Ibo baada ya Kimbunga Kenneth

2 Mei 2019

Naanza kuandika leo kwa sababu mjomba wa Mtwara ameuliza kwa simu: michango yetu inaanza na kazi gani huko? Ana haki ya kuuliza. Kuanzia leo kila kinachofanyika katika mtaa wetu hapa kisiwani Ibo, kaskazini ya Msumbiji, nitakiandika humu, tulichofanikiwa na tulichokosea, ili nyinyi mlioko Mtwara, Dar es Salaam na Unguja mzipate habari zetu kutoka kwetu wenyewe.

Hali ndiyo hii. Kimbunga Kenneth kilipita kaskazini ya Ngazidja, huko Komoro, usiku wa tarehe 24 Aprili, na Alhamisi ya tarehe 25, alasiri, kikatua pwani ya mkoa wetu wa Cabo Delgado. Mlioko Mtwara mnaikumbuka siku ile, maana nanyi mliambiwa mhame mabondeni. Upepo uliwakwepa ukaja kwetu. Wiki sita tu nyuma yake kimbunga Idai kilikuwa kimeipiga Beira. Tangu kumbukumbu za hali ya hewa zianze kuwekwa, Msumbiji haikuwahi kupigwa na vimbunga viwili vikali hivi ndani ya msimu mmoja, na sisi wa kaskazini kabisa tulizoea kudhani vimbunga ni mambo ya Beira, Quelimane na Nampula. Wazee walipotuambia tuingie kwenye nyumba za mawe, wapo vijana waliocheka.

Kisiwa chetu, Wibu kama tunavyokiita wenyewe, kina watu wapatao 6,000. Nyumba 9 kati ya 10 zimelala au zimeharibika. Huko mji wa mawe kuta za enzi ya Wareno zimesimama ila mapaa yameondoka. Ngome ya São João, iliyojengwa 1791, haikutikisika. Kilichoteketea ni mitaa ya udongo, fito na makuti, yaani sisi. Katika mtaa wetu tuliandika nyumba 64 kabla ya kimbunga, kwa ajili ya mchango wa kisima. Nimepita na daftari lile lile nyumba kwa nyumba. Zilizobaki na paa ni 7.

Nahodha wetu anasema tumshukuru Mungu kwa jambo moja. Mwezi mpevu ulikuwa tarehe 19, kwa hiyo siku ya kimbunga bahari ilikuwa kwenye maji mafu, yasiyopanda sana. Kingetukuta kwenye bamvua, maji makubwa ya mwezi mpevu, anasema, maji yangeingia mpaka sokoni na leo tungekuwa tunazika tu.

Kamati tuko sita: nahodha, fundi seremala ambaye ni mjomba wangu mdogo, shekhe wa msikiti, mama wawili wa mtaa, na mimi mwalimu, mshika daftari. Shule yangu haina paa, kwa hiyo muda ninao.

4 Mei

Neno la leo ni makuti. Tulikuwa tumekaa tunabishana tuanze na nini, unga au maji au choo, mama mmoja wa kamati akasimama akasema, "Mnaongea, na kuti linakauka." Akatoka. Tulimfuata.

Amesema kweli. Minazi imelala kisiwani kote kama nyasi zilizokanyagwa. Kuti la mnazi ulioanguka siku chache zilizopita lingali laini, mtu anaweza kulisuka kumba. Likipitisha siku nyingi juani linavunjikia mikononi. Na baada ya haya hatutakuwa na kuti tena kwa muda mrefu, kwani mnazi mrefu wa kienyeji ukiupanda leo unataka miaka sita na zaidi mpaka uzae. Kwa hiyo wanawake na watoto wote wa mtaa, siku mbili mfululizo, tumekata na kusuka. Mvua imenyesha juu yetu karibu wakati wote. Tunasikia kule Pemba, mji wa bara ulio makao makuu ya Cabo Delgado, nayo imenyesha hivyo hivyo, na kuna siku helikopta za msaada zimeshindwa kuruka. Barabara ya Quissanga, ng'ambo yetu bara, imekatika, hivyo hata bandari yetu ya kuvukia, Tandanhangue, haifikiki kwa gari.

Tumesuka makumba ya kutosha kuzungushia vibanda vya familia zote ambazo hazina ukuta. Paa bado. Lakini watoto leo wanalala kwenye kiza cha nyumba, na mama zao wana pa kuvulia nguo. Aibu ya kulala wazi mbele ya majirani ilikuwa inawaumiza akina mama kuliko njaa, hili nimelisikia kwa masikio yangu kwa zaidi ya mmoja.

9 Mei

Ramadhani imeingia. Tunafungua kwa mihogo iliyong'oka shambani na maji ya kisima, na maji ndiyo habari ya leo.

Kipindupindu kimetangazwa Cabo Delgado tangu tarehe 2. Kimeanzia Pemba, na Pemba ndiko mashua zetu zinakokwenda na kurudi, kwa hiyo hatukusubiri kifike. Visima vyetu viwili viliingiwa na uchafu wa kila aina: majani, vyoo vilivyofurika, kuku waliokufa. Kimoja, cha upande wa pwani, kimeingiwa na maji ya chumvi.

Sasa sikilizeni, maana hili wengi hawalijui na sisi karibu tuharibu. Kisiwa kama chetu kimekaa juu ya matumbawe. Maji matamu ya kisima ni ya mvua, nayo yanaelea juu ya maji ya bahari yaliyo chini yake, kama mafuta juu ya mchuzi. Vijana walitaka kuazima pampu ya mafuta wakivute kisima mpaka kikauke. Fundi wa maji aliyekuja na watu wa misaada akawazuia: ukivuta kwa nguvu, maji matamu yanaisha na ya chumvi yanapanda, na kisima kinaweza kukaa na chumvi miezi mingi. Basi tumevuta kwa ndoo, taratibu, tukapumzisha, tukavuta tena, siku tatu. Kisha tukasugua kuta za kisima na kutia klorini. Cha ndani ya kisiwa tayari kinanyweka. Cha pwani bado kina chumvi kidogo, tunakitumia kwa kufulia.

Kila asubuhi mama wawili wanakaa kisimani na chupa ya klorini na kile kikopo cha kupimia. Wanatia kwenye ndoo ya mtu, wanasubiri nusu saa, wanapima. Rangi ikionyesha 0.5 ndiyo wanamruhusu aondoke. Wanaume wawili walilalamika kwamba maji yananuka dawa. Shekhe aliwajibu baada ya tarawehe, mbele ya watu wote, kwamba kuilinda nafsi ni faradhi na harufu si hoja. Tangu siku hiyo hakuna anayelalamika.

15 Mei

Turubai zimefika, zile za mita 4 kwa 6. Tunashukuru, na nasema hivi kwa moyo, kwa sababu aliyelala wiki tatu chini ya mvua anajua turubai ni nini.

Ila lilitokea jambo ambalo lazima niliandike. Shirika lililoleta lilikuja na orodha yake ya wakuu wa kaya, iliyoandikwa haraka siku za mwanzo, na kwenye orodha hiyo wajane wengi hawamo, pamoja na wake wa wavuvi ambao waume zao walikuwa Pemba siku ya kuandikishwa. Walioulizwa walikuwa wanaume waliokuwepo barazani. Nilikwenda na daftari letu la nyumba 64, nikalifungua mbele ya yule kijana mgawaji. Alilitazama, akanyamaza, kisha akasema tusome pamoja. Tulisoma mpaka magharibi. Kina mama kumi na mmoja waliingia kwenye orodha. Kijana yule alifungua saumu nasi.

Nawaomba nyote ambao mtaa wenu bado uko salama: andikeni watu wenu sasa. Daftari la mchango wa kisima limewapatia watu kumi na mmoja paa.

Na la pili, kuhusu kufunga turubai. Ukitoboa tundu ukapitisha kamba, upepo unalichana siku ya kwanza. Chukua jiwe dogo la mviringo, liweke ndani ya pembe, lifunge kwa nje kama unavyofunga hirizi, kamba ishike shingo ya lile jiwe. Nahodha ndiye aliyetufundisha. Ndivyo wanavyofanya tanga likichanika kipete cha kamba baharini.

27 Mei

Leo tumefanya mkutano mrefu kuliko yote, na ndipo nilipoanza kuelewa kazi hii inakokwenda.

Fundi alitaka kujenga nyumba ya mfano kama alivyojenga siku zote: nguzo, fito, udongo, mtambaapanya, yaani mti mrefu unaolala juu ya ukuta, makombamoyo yanayopanda kutoka hapo mpaka kileleni, pau za kukingama juu yake, kisha makuti au bati. Nahodha akamuuliza, "Makombamoyo yameshikwa na nini kwenye mtambaapanya?" Fundi akasema, na msumari mmoja wa inchi nne, na uzito wa paa lenyewe. Nahodha akasema, "Basi umejenga tanga bila kamba."

Tulinyamaza wote. Kisha akaeleza, akichora mchangani. Sisi tunadhani upepo unalisukuma paa liende chini au pembeni. La. Upepo ukipita juu ya paa unalinyonya kwenda juu, na ukiingia kwa mlangoni unalisukuma kutoka ndani. Paa linataka kuruka. Na nyumba zilizolala mtaani kwetu tulizitazama tena kwa macho hayo: kuta nyingi zilianguka kwa sababu paa liliondoka kwanza, na mvua ikalowesha udongo. Mapaa yetu yalikuwa na uzito wa kutosha upepo wa kila siku. Kenneth haikuwa upepo wa kila siku.

Kwa hiyo nyumba ya mfano, ambayo ni ya bibi wa kona, mjane wa miaka sabini na ushei, itajengwa hivi. Nguzo zitazikwa chini zaidi. Kutoka nguzo mpaka mtambaapanya, na kutoka mtambaapanya mpaka kila kombamoyo, kuna fundo la kamba ya nailoni, ile inayofungia foromali, mti wa kushikia tanga. Pembe zote zina vishikizo vya msalaba. Paa ni la pande nne badala ya mbili, ili upepo usipate ubavu wa kupiga, na mwinuko wake usiwe wa kulala sana wala wa kusimama sana. Mainjinia waliopita hapa wanasema kati ya digrii 30 na 45. Na paa la baraza linatengwa na paa la nyumba, ili upepo ukililazimisha liende lenyewe, lisiondoke na nyumba.

Hilo la baraza ndilo lililoleta ugomvi. Nyumba ya Kimwani, yaani ya sisi Wamwani wa pwani hii, bila baraza iliyoungana nayo watu waliiona kama mtu asiye na uso. Tumekubaliana baraza ibaki, pana kama kawaida, ila ikae kwa miguu yake.

Nimesahau kutaja boriti, na hilo nalo lilituchukua saa nzima. Vijana walitaka kwenda kukata mikoko upande wa Quirimba. Ni kweli boriti ya mkoko ndiyo bora na ni ya bure. Lakini sote tuliona: nyumba zilizokuwa nyuma ya mikoko mikubwa zilipigwa na upepo, maji hayakuzifikia. Tena mkoko ukiukata kwenye shina hauchipui, si kama mchu, ile aina nyingine ya mikoko. Ukikata umeua. Tumeamua kuchukua ile tu iliyong'olewa na kimbunga. Iko mingi, inatosha kama tutaikusanya kabla haijaingiwa na wadudu. Na hapa ni ndani ya hifadhi ya taifa ya Quirimbas, hatutaki kesi juu ya msiba.

6 Juni

Idi imepita. Msikiti hauna paa, tuliswali uwanjani. Bibi wa kona alipika bokoboko kwenye jiko la mawe matatu mbele ya nyumba yake mpya, ambayo ina nguzo na paa na haina ukuta bado, akakataa mtu yeyote asipite bila kula.

22 Juni

Mabati yamefika kutoka Pemba, na nimeudhika mpaka nashindwa kuandika vizuri.

Tulilipia geji 28. Tumeletewa geji 32, nyembamba zaidi. Fundi aliyajua kwa kuyashika tu. Bati la geji 32 ukilibonyeza kwa kidole gumba linaitika. Jembamba hivyo linachanika kwenye msumari, upepo unalivua kama unavyovua ganda la ndizi, na likiruka linakata watu. Muuzaji anasema risiti haikuandika geji. Ni kweli haikuandika. Mimi ndiye niliyeipokea risiti ile na sikuisoma, kwa hiyo kosa hili ni langu pia, na pesa ni zenu.

Tulichoamua: mabati haya hayatapanda juu ya nyumba ya mtu. Yatakuwa kuta na paa za vyoo, vyoo kumi na vinne, ambavyo tulikuwa hata hivyo hatuna. Kwa nyumba tutaagiza upya, machache kuliko tulivyopanga, na safari hii fundi atakwenda Pemba mwenyewe na chombo cha kupimia. Kuanzia leo kila risiti inasomwa kwa sauti mbele ya kamati kabla pesa haijatoka.

14 Julai

Kusi limevuma siku nne. Hili ndilo kusi letu la kila mwaka na halina uhusiano wowote na kimbunga, lakini limetupokonya paa la nyumba ya sita, nyumba mpya, yenye wiki tatu. Hakuna aliyeumia. Mama mwenye nyumba alikuwa kisimani.

Tulikwenda wote kuangalia. Mafundo ya kamba yalishika, makombamoyo yote yapo mahali pake. Kilichoondoka ni mabati. Vijana walipigilia msumari kila baada ya pau mbili, sawa sawa paa zima. Fundi alikaa chini akashika kichwa, kisha akasema kosa ni lake: aliwafundisha kufunga, hakuwafundisha kupigilia. Upepo unaanza kulivua bati kwenye kingo, pale pembezoni na kwenye mgongo wa paa, na ndipo misumari inapotakiwa iwe karibu karibu, kila tuta la pili la bati. Katikati inaweza kuachana kidogo. Na msumari wa bati ukitokeza upande wa pili wa pau, ukunjwe.

Tumerudi kwenye nyumba zote tano za nyuma tukaongeza misumari. Siku tatu. Nyumba ya sita imeezekwa upya. Nilipendekeza tusiliandike jambo hili mpaka tulirekebishe, na nahodha akaniambia safari ya mashua huandikwa yote, hata mawimbi. Basi nimeandika.

3 Agosti

Nyumba 13. Kisima cha pwani kimerudi kuwa kitamu. Hakuna kipindupindu mtaani. Kule Pemba, Metuge na Mecúfi watu walipewa chanjo ya kunywa katikati ya Mei, na habari tunazopata ni kwamba ugonjwa umezimika.

25 Agosti

Leo nataka kuandika juu ya mashua, kwa kirefu, kwa sababu baadhi yenu mmeuliza kwa nini theluthi ya mchango wa Julai ilikwenda huko wakati watu bado wako chini ya turubai.

Mtaa huu unaishi kwa bahari. Kabla ya Kenneth tulikuwa na mashua tano, ngalawa zaidi ya ishirini na mitumbwi. Baada yake mashua moja ilikuwa juu ya mwembe. Si maneno ya kupamba, ilikuwa juu ya mwembe, na mkuku wake, ule mti mkuu wa chini, umevunjika vipande viwili. Ngalawa nyingi zilipoteza mirengu, zile mbao za pembeni za kuzisawazisha, au zilipasuka. Nyavu ziliondoka na bahari. Mvuvi asiye na chombo anakula unga wa msaada, na unga wa msaada una mwisho wake. Akiwa na chombo analipa fundi mwenyewe, ananunua bati mwenyewe, na jirani yake anakula samaki. Tulihesabu: nyumba moja yenye bati nzuri inagharimu karibu sawa na kutengeneza ngalawa tatu. Ngalawa tatu zinalisha familia tisa.

Kazi imefanyika ufukweni, mbele ya msikiti. Fundi wa mashua ni mzee ambaye macho yake hayaoni vizuri tena, kwa hiyo anakaa kwenye kiti na kupapasa. Miembe iliyoanguka ndiyo imetupa mbao. Mzee alizungushwa kisiwa kizima, akapapasa matawi, na kila lililopinda namna anayotaka aliligonga kwa fimbo: hili taruma, yaani ubavu wa chombo, hili taruma, lile la kuni. Tawi lililopinda lenyewe lina nguvu kuliko mbao iliyochongwa ikapindishwa, maana nyuzi za mti hazikukatwa. Shina la mwembe mkubwa kuliko yote limechongwa ngalawa mpya kabisa.

Kalafati, kuziba nafasi za mbao, ilifanywa na vijana wanane: pamba iliyolowekwa mafuta ya nazi, inasukumwa katikati ya mbao kwa patasi butu, pole pole, mpaka inajibu kwa sauti. Mzee alikuwa anasikiliza. Akisikia pigo bovu anamwita kijana kwa jina la baba yake na kumwambia arudie. Mafuta ya nazi yametoka kwenye nazi za minazi ile iliyoanguka, mwaka huu ndiyo ya mwisho.

Mashua mbili zimerudi majini jana. Ya tatu, ile ya juu ya mwembe, mzee amesema mkuku wake hauponi, tuuchukue kuwa mtambaapanya wa madrasa. Tumeuchukua. Umekaa vizuri.

19 Oktoba

Hesabu za miezi mitano na nusu, zimesomwa mbele ya mtaa mzima jana baada ya swala ya Ijumaa, na nakala inakuja Mtwara na nahodha.

Nyumba zilizokamilika, zenye mafundo na vishikizo na baraza iliyotengwa: 31. Nyumba ambazo wenyewe wamezijenga kwa kufuata mfano bila pesa yetu: 9. Hizi 9 zimenifurahisha kuliko zile 31. Mmoja wao hakuwa na nailoni, amefunga kwa kamba ya usumba aliyoisokota mkewe, na fundi ameikagua na kusema inafaa ila ibadilishwe kila baada ya misimu miwili. Nyumba 7 zilizosalimika zimeongezewa mafundo. Familia 17 bado ziko chini ya turubai au kwa ndugu.

Vyoo 14. Visima 2. Mashua 2, ngalawa 16. Miche ya minazi 200 imepandwa, na ya mikoko hatukuhesabu, watoto wa shule waliichomeka matopeni siku nzima wakiimba.

Kilichobaki mfukoni ni kidogo na tumekubaliana kisiguswe mpaka mvua zipite. Familia 17 hazikufurahi. Mama mmoja kati yao ameniuliza kama mvua zina huruma ya kusubiri. Sikuwa na jibu la kumridhisha. Tumewapa turubai mpya zilizokuwa akiba, na vijana wamewafungia kwa mawe.

5 Januari 2020

Mvua za mwisho wa Desemba zilikuwa kubwa mno. Bara zimebomoa madaraja na kukata barabara ya kaskazini, Macomia na kwingine hakufikiki. Hapa kisiwani tulikesha usiku mbili. Asubuhi ya pili nilipita na daftari, kama nilivyopita mwezi wa Mei, na mkono ulikuwa unatetemeka.

Nyumba zote 40 zina mapaa. Baraza tatu zimeanguka, peke yake, kama tulivyotaka. Bibi wa kona aliniona napita akanifungulia mlango, akasema amelala usingizi mpaka alfajiri na hakusikia kitu. Nilikaa kwenye mkeka wake nikalia, naye akaniacha nilie.

Familia mbili za turubai zimelowa kila kitu. Wamehamia madrasa, chini ya ule mkuku.

3 Aprili 2020

Sikuandika kwa muda. Wengi wenu mmepata habari kwa redio. Vita vya waasi vilivyoanza mji wa Mocímboa da Praia, kaskazini yetu, Oktoba 2017 vimetufikia mlangoni. Tarehe 23 Machi mji wa Mocímboa uliingiliwa, na siku mbili baadaye Quissanga. Quissanga ni ng'ambo yetu hapa, usiku tulikuwa tunauona moshi.

Watu wanavuka. Wanakuja kwa mitumbwi, kwa miguu kupitia mikokoni maji yakitoka, na kwa mashua zetu. Mashua zile mbili hazijavua samaki wiki hii. Nahodha anaondoka na maji ya usiku bila taa, anapakia watu kwenye vijito upande wa bara, anarudi kabla ya jua. Hakuomba ruhusa ya kamati na hakuna aliyetaka aombe. Safari ya jana alileta mama aliyejifungulia ndani ya mashua, na mtoto ni mzima. Wengine hawasimami hapa, wanaendelea mpaka Pemba, mtaa wa Paquitequete.

Mchango mlioleta mwezi Februari ulikuwa wa nyumba za familia 17. Leo asubuhi niliwaita wote 17, tukakaa chini ya turubai la yule mama aliyeniuliza juu ya huruma ya mvua. Niliwaeleza kwamba pesa ni zao na watakavyosema ndivyo itakavyokuwa. Yeye ndiye aliyejibu kwanza. Alisema wao wamezoea turubai, na wale waliovuka hawana hata hilo. Wengine wakaitikia, si wote kwa moyo mmoja, na wawili tumewaahidi bati mbili mbili za kuzuia kona inayovuja.

Kwa hiyo pesa ya Februari imekuwa unga, mafuta, sabuni, klorini na mikeka. Nawaandikia mjue, na asiyeridhika anitafute mimi, si mtu mwingine. Mama wawili wamerudi kisimani na kile kikopo chao, kwa sababu watu wengi namna hii kwenye visima viwili ni hatari. Kila nyumba katika zile 40 imepokea familia moja, nyingine mbili. Kwa bibi wa kona wamelala watu kumi na tisa usiku wa jana, baraza imejaa, na amemwambia fundi amfungie turubai kuanzia ukingo wa baraza mpaka kwenye mwarobaini.

Vyoo 14 havitoshi. Yale mabati ya geji 32 yamebaki manane. Kesho baada ya alfajiri tunachimba nyuma ya madrasa.